Siipendi "Chai ya Stesheni", na nusura inikoseshe mke Muhoroni

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Kisumu, ambako jua la leo limefanya hata mbwa wa jirani aache kubweka.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naenda zangu kulala. Leo natoa yangu. Ni ya kweli kuanzia juu mpaka chini, na sitatia chumvi. Mkiona mahali pamewasha, hiyo ni pilipili, na mtaelewa mbele.

Kwanza niweke kosa langu mezani, wenye mawe wayachukue mapema.

Mimi siipendi filamu ya "Chai ya Stesheni".

Najua. Tulieni. Najua bibi yako aliipenda, mama yako aliipenda, na wewe ulilia ukasingizia moshi wa jiko. Kaeni chini niwaeleze.

Kwa wale mliozaliwa juzi: ni filamu ya Kihindi ya zamani, rangi yake imepauka mpaka kila mtu anaonekana kama ana homa ya manjano. Mama anasafiri na mtoto wake wa miaka mitano. Treni inasimama, mama anashuka kutafuta maji, treni inaondoka na mtoto. Mama anaapa hatatoka pale stesheni mpaka mwanawe arudi. Anaanza kuuza chai.

Miaka ishirini inapita ndani ya wimbo mmoja.

Mtoto amekua, ameajiriwa kukagua tiketi. Wapi? Stesheni ile ile. Chai anakunywa kwa nani? Kwa mama yake, kila asubuhi. Anamwambia, chai yako inanikumbusha mama yangu. Mama anamjibu, mwanangu leo angekuwa rika lako. Halafu wote wawili wanaangalia juu, na wimbo mwingine unaanza.

Hakuna anayeuliza jina.

Kijana ana kovu kwenye paji la uso, na mama analijua hilo kovu kuliko anavyojua sufuria yake. Lakini kijana amevaa kofia ya kazi. Upepo ukiitoa kofia, mama ameinama kuokota kikombe. Kofia ikianguka tena, moshi wa treni unapita katikati. Nimehesabu. Wamepishana mara kumi na moja. Mwishoni kijana anahamishwa kazi, treni inaondoka naye, kofia inapeperuka, mama analiona kovu. Treni imeshaenda. Mwisho. Majina yanapanda.

Masaa matatu hayo.

Sasa hapa Kisumu ukisema hupendi hiyo filamu, watu wanakuangalia kama umesema hupendi samaki. Kinyozi wangu wa Migosi ana picha yake ukutani, kubwa kuliko kioo. Mchungaji wetu ameihubiri mara mbili, mara ya pili akashindwa kumaliza, kwaya ikamsaidia. Mimi ni fundi wa friji na mafriza, naingia nyumba nyingi, na sijui ni ngapi nimekuta imewekwa, mwenye nyumba ananiambia fundi ngoja kidogo, hapa ndipo pa kofia.

Na mimi nangoja, bisibisi mkononi, damu ikichemka.

Shida yangu ni moja tu. Hiyo filamu haiwezekani. Labda huko walikoitengeneza inawezekana. Huku kwetu ziwani isingefika dakika kumi. Mama gani wa kuuza chai atakuona kila asubuhi asikuulize wewe ni mtoto wa nani?

Juzi nilisimama soko la Otonglo kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Mama hajapima kikombe cha kwanza ameshaniuliza kwetu ni wapi. Kikombe cha pili, baba yangu ni nani. Cha tatu ameshagundua alisoma darasa moja na shangazi yangu, akaniongezea omena na kunigombeza kwa nini sijaenda kumwona shangazi. Dakika nne. Na huyo hakuwa ananitafuta.

Sasa mama anatafuta mtoto miaka ishirini anashindwa na swali moja.

Haya. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Sasa mkasa.

Nilikuwa na mchumba anaitwa Akinyi. Binti mtulivu, anafundisha shule ya msingi, akicheka anafunika mdomo na daftari. Tulikuwa tumefikia kwenda kwao Muhoroni kwa ayie. Kwa wasiojua, ayie kwa Kiluo maana yake ni "nimekubali". Ni siku ya mama mkwe. Unaenda na heshima yako na zawadi yake, na yeye ndiye anayesema hilo neno. Akilisema, una mke. Asipolisema, una nauli ya kurudi.

Siku hiyo muoaji haongei. Anakaa kama mzigo uliotumwa. Anayeongea ni mshenga, kwetu tunamwita jagam. Mshenga wangu alikuwa binamu yangu Odhis, muuza vipuri vya pikipiki. Ni mtu wa maneno. Odhis anaweza kukuuzia breki za pikipiki na huna pikipiki.

Akinyi alinipa onyo moja tu kabla ya safari. Alisema baba yake anaipenda Chai ya Stesheni kuliko kitu chochote chenye plagi. Akasema, tafadhali, hiyo mada usiiguse.

Nikamwambia mimi siongei siku hiyo, nitaigusa vipi. Nilimficha kabisa Odhis hilo onyo, kwa sababu sikuona linamhusu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Tulitoka Kisumu mapema na gari la Odhis. Tulipokaribia Muhoroni tukajikuta nyuma ya trekta ya miwa, tela mbili, na dereva wake hakuwa na haraka na dunia. Kila tukitaka kupita, lori lingine la miwa linatoka mbele. Tukafika tumechelewa masaa mawili mazima.

Mzee, baba yake Akinyi, alikuwa amekaa sebuleni na majirani na wajomba wa kutosha kujaza kanisa dogo. Ni mtu mrefu, alistaafu kazi ya kuendesha trekta hizo hizo za miwa, kwa hiyo kisingizio chetu hakikumfurahisha. Alisalimia kwa kidole kimoja. Mama alikuwa ameketi mbali kabisa, kwenye mlango wa jikoni, nusu nyuma ya pazia, maana kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Ni heshima.

Kwa sababu ya kuchelewa, mambo yalikimbizwa. Maombi mafupi. Utambulisho mfupi: huyu ni kijana, wa Seme, huyu ni mshenga. Kuku wakaletwa kabla hawajapoa. Hapo kuna kitu kilirukwa, wakuu, kikubwa, na hakuna aliyekiona. Kishikilieni, tutarudi.

Tukala kimya. Mzee bado amenuna. Odhis akaanza kutoka jasho, maana mshenga akikaa na mzee aliyenuna ni kama amefunga duka. Akaangaza macho sebuleni akitafuta cha kusifia. Akaona kabati. Juu ya kabati kuna kitambaa cha kushona, na juu ya kitambaa, limesimamishwa kama picha ya marehemu, ganda la diski la Chai ya Stesheni.

Nilimwona anaona. Nikajaribu kumkanyaga mguu, nikakanyaga wa mjomba.

"Mzee," Odhis akasema, "hii kijana yetu unaona hapa, hiyo film ndio imemlea. Akiiona analia mpaka tunamshika."

Mzee akageuza shingo polepole akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wakuu, uongo wangu ulikuwa wa shingo tu, mdomo haukuhusika. Lakini Mungu anajua kusoma hata shingo.

Uso wa Mzee ulifunguka wote. Akaagiza runinga iwashwe, mapazia yafungwe, watu wasogee. Mchana kweupe, saa nane, siku ya ayie ya binti yake, tukaanza Chai ya Stesheni kutoka mwanzo.

Akinyi alichungulia kutoka jikoni, akaona ninachoangalia, akarudi ndani. Nilisikia kifuniko kikianguka.

Niwaambie kitu kuhusu ile diski. Imetumika mpaka inaruka. Ikifika mahali pa kuruka, Mzee anajaza maneno mwenyewe kwa sauti ya muigizaji, ya mama kwa sauti ya mama, kisha diski inaendelea kama haikuwa na shida. Na Mzee haangalii runinga. Hiyo filamu ameimaliza kitambo. Anaangalia nyuso za wageni.

Odhis akaninong'oneza kwamba pale pa kofia lazima nilie, la sivyo tumekwisha wote wawili.

Mimi silii. Si ubabe, ndivyo nilivyoumbwa. Nilipomzika babu nilisikitika wiki nzima na chozi halikutoka. Sasa nitalilia kofia?

Ndipo nikaona kachumbari. Ilikuwa bado mezani, na ndani yake kuna vipande vya pilipili ile ndogo nyekundu ambayo haina mchezo na binadamu. Nikachukua kipande kimoja kwa adabu, nikakikunja kwenye tishu, nikaweka mfukoni. Mpango ulikuwa rahisi. Nikisikia muziki wa huzuni, najifuta jasho, nagusa jicho, nalia kidogo, naoa.

Tatizo la huo muziki, wakuu, ni kwamba wanatumia ule ule mmoja kila mahali.

Muziki ukaanza. Filimbi, zeze, vyote. Nikatoa tishu nikajifuta. Nilikuwa nimekosea kipimo. Ile tishu ilikuwa imelowa pilipili yote, na jicho langu la kulia likawaka kama nimechomelewa na gesi. Machozi yakamwagika. Kamasi ikafuata. Nikashika kiti.

Halafu nikasikia watu wanacheka.

Nikafungua jicho la kushoto, lililokuwa salama. Haikuwa pale pa kofia. Ilikuwa pale ambapo mbuzi anakula bendera ya mkuu wa stesheni. Ndiyo sehemu pekee ya kuchekesha katika filamu nzima. Sebule yote inacheka, wajomba wanapigana mabega, na mkwe mtarajiwa analia kwa jicho moja huku jingine linamtazama mbuzi.

Mzee akachukua rimoti akasimamisha. Mbuzi akabaki kwenye kioo, bendera mdomoni, ametukodolea.

"Kijana," Mzee akasema taratibu, "hapa watu wanacheka. Wewe unalia nini?"

Odhis akadakia kwamba nina huruma sana na mifugo.

"Wewe nyamaza. Nataka yeye."

Hapo palikuwa pagumu. Desturi inasema muoaji hasemi. Lakini mwenye nyumba akikuuliza wewe kwa macho yako mawili, hata kama moja limefungwa, utajibu. Nikawaza niendeleze ile ya mbuzi. Nikawaza niseme nimemkumbuka babu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Na lile jicho, wakuu, lilikuwa linauma kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kutunga.

"Mzee, ni pilipili," nikasema. Nikatoa tishu nikaiweka mezani kama kielelezo. "Hii film siipendi."

Mjomba niliyemkanyaga alisogeza mguu wake mbali nami.

Mzee akaweka rimoti juu ya goti lake. Akaniambia niendelee.

Nikaendelea. Ndivyo nilivyo nikikasirika, naongea kama bomba lililopasuka. Nikamwambia ile habari ya Otonglo na vikombe vitatu vya omena. Nikamwambia huyo mama amekaa miaka ishirini anachemsha chai na hajawahi kufungua mdomo kuuliza, na huyo kijana amekunywa birika mia na hajui hata jina la anayemuuzia. Nikasema hawajatenganishwa na treni, wametenganishwa na uvivu wa kuuliza. Nikasema huku kwetu watu hawawezi kukaa chumba kimoja, wale pamoja, wacheke pamoja, bila mmoja kumuuliza mwenzake katoka wapi.

Nilipomaliza nilisikia ukimya wa aina ambayo unasikia hata friji. Na ya Mzee ilikuwa na mlio mbaya wa kompresa, lakini haikuwa wakati wake.

Nilijua nimemaliza. Nilimwaza Akinyi na daftari lake, na kusema kweli nilijionea huruma. Nimepoteza mke kwa sababu ya muuza chai wa uongo.

Ndipo pazia la jikoni likasogea. Mama, ambaye tangu tufike alikuwa amesema salamu tu, akasema akiwa pale pale mlangoni, bila kuniangalia, kama heshima inavyotaka.

"Baba Akinyi. Huyu anasema hao watu hawakuulizana. Na sisi tumemuuliza?"

Mzee akasema tunajua ni wa Seme.

"Seme ni kwa baba. Mama ya baba yake alitoka wapi?"

Mzee akamwangalia mjomba. Mjomba akamwangalia mjomba mwenzake. Wote wakamwangalia Odhis, na Odhis akamwangalia mbuzi.

Wakuu, hicho ndicho kilichorukwa. Kwetu kabla ya kitu chochote unaulizwa ukoo wako wote, wa baba, wa mama, wa bibi pande zote, kwa sababu huwezi kuoa kwenye damu yako, hata damu ya mbali. Mzee alidhani Mama ameshamuuliza Akinyi. Mama alidhani wanaume watauliza sebuleni. Wanaume walikuwa na haraka kwa sababu tulichelewa, halafu ikaja Chai ya Stesheni ikawafagia. Tulikuwa tumekaa pale tumekula kuku mzima kama wale wawili wa kwenye filamu.

Nikajibu ukweli. Nikasema bibi yangu, mama ya baba, alitoka Nyakach.

Kifuniko kingine kikaanguka jikoni.

Mzee ni mtu wa Nyakach. Alikuja Muhoroni akiwa mtoto, akakulia kwenye miwa, lakini ukimuuliza kwao atakwambia Nyakach. Kama bibi yangu na yeye ni wa mlango mmoja wa ukoo, basi Akinyi ni dada yangu kidogo, na kwetu hakuna kidogo. Ayie imekufa hapo hapo, na hakuna wa kulaumiwa wala wa kubembelezwa.

Niliogopa. Nawaambia bila aibu. Kukataliwa kwa sababu ya filamu ningeweza kurudi na mbuzi na kuomba msamaha. Damu haiombwi msamaha. Akinyi alitoka jikoni akasimama nyuma ya mama yake, hakuwa na daftari.

Mzee akauliza ni nani kwetu anajua majina. Nikasema Waya, ndivyo Waluo tunavyomwita shangazi, dada ya baba, anayekaa Kombewa. Huyo anakumbuka hata ng'ombe. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa, nikaweka simu mezani karibu na tishu.

Waya hakuuliza kwa nini. Ukimuuliza Waya ukoo hahitaji sababu. Akaanza kumtaja bibi, baba ya bibi, baba ya huyo baba, akipanda juu taratibu. Mzee alikuwa amefumba macho, anahesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja kwa sababu zangu.

Jina la nne Mzee akainua mkono. Akasema alirudie.

Waya akalirudia. Obala.

Mzee akauliza huyo Obala alikuwa analima upande gani wa mto. Waya akasema upande wa juu, penye mawe.

Mzee akafungua macho, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Hao watu wa mawe walimng'oa babu yangu jino kwa sababu ya malisho," akasema. "Hao si ndugu zetu. Ndugu hakung'oi jino namna hiyo."

"Jino moja tu?" Waya akauliza kwenye simu. "Sisi tuliambiwa mawili."

Sebule ikalipuka. Mjomba akanipiga mgongoni, yule yule wa mguu. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia kwamba mababu zangu walikuwa watu wabaya. Kama wangekuwa majirani wema, wakaoana na watu wa Mzee wa upande wa chini wa mto, leo ningekuwa natoa uzi mwingine kabisa.

Waya akauliza mbona anasikia umati nyuma, tuko kwenye matanga? Odhis, ambaye alikuwa amekosa kazi kwa muda mrefu, akamwambia hapana, tumesimamisha Chai ya Stesheni.

Waya akauliza tumefika wapi. Odhis akasema kwa mbuzi.

Waya akasema basi tusikate simu, tuiache hapo, yeye atasikiliza.

Mzee akainua rimoti. Lakini Mama akasema ngoja. Akatoka kabisa nyuma ya pazia, hatua moja tu, akatazama sakafu, akasema neno lake.

"Ayie."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka majirani wa nje ya ua wakaja kuona. Akinyi akafunika mdomo na upawa, maana ndio ulikuwa karibu. Mimi nikalia. Safari hii macho yote mawili, na la kushoto halikuwa na pilipili.

Halafu Mzee akasema, sasa tumalizie.

Wakuu, kulikuwa kumebaki saa moja na nusu.

Tukamalizia. Mbuzi akamaliza bendera. Wakapishana mara ya sita, ya saba, ya nane. Waya anaguna kwenye simu kutoka Kombewa. Tulipofika pale pa chai ya mwisho, kabla kijana hajahamishwa, Mzee akaninyooshea mkono akaniita nikae karibu naye. Akaongea chini, kwa ajili yangu peke yangu.

"Mimi pia najua wangeulizana," akasema. "Siku ya kwanza nilijua. Lakini kila nikiiweka, nafikiria labda leo huyu kijana atauliza."

Nikabaki kuangalia lile birika la kwenye runinga.

Jioni Akinyi alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanieleza. Mzee aliletwa Muhoroni na mjomba wake akiwa na miaka sita, mama yake akabaki Nyakach. Aliporudi kumtafuta, amevaa suruali yake ya kwanza ndefu ili amwone nayo, alikuta ameshazikwa miaka mitatu nyuma. Walimwonyesha kaburi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia, na yeye hakuwa ameuliza, kwa sababu alidhani mama ni kitu kinachokaa mahali pake.

Niliona aibu. Nilitamani nirudi ndani niombe msamaha kwa ile hotuba yangu ya omena. Odhis akasema twende kabla trekta hazijatoka tena.

Tulioana. Krismasi iliyopita tukaenda Muhoroni, na baada ya chakula Mzee akaichukua ile diski akaipangusa kwenye shati. Mimi ndiye niliyefunga mapazia. Nikakaa kando yake. Waya tulimpigia mapema, akawa kwenye simu tangu mwanzo.

Tulipofika pale pa chai ya mwisho, diski ikaruka kama kawaida. Mzee akajaza sauti ya mama: mwanangu leo angekuwa rika lako. Ilikuwa zamu ya kijana kujibu, na bado diski haijarudi. Sijui nini kilinipata. Nikajaza mimi.

"Mama, wewe unaitwa nani? Na mtoto wako alikuwa na alama gani?"

Mzee hakugeuka. Akashika goti langu akalibana, akanijibu kwa sauti ya mama, taratibu, jina na kovu na yote. Kwenye simu Waya akasema, hatimaye.

Halafu diski ikarudi, kijana akalipa chai yake akaondoka, na kofia ikapeperuka kama ilivyopeperuka siku zote.

Bado siipendi hiyo filamu. Nisieleweke vibaya. Ni ndefu, wimbo wa tatu hauna kazi, na yule mkuu wa stesheni anastahili kufukuzwa. Lakini nikiambiwa nikaiangalie na Mzee, naenda. Na kompresa ya friji yake nilibadilisha, kwa wale watakaouliza.

Nililojifunza ni kwamba kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na bado tunakaa na watu miaka tunawauzia chai tu. Ukimwona mtu analilia kitu ambacho wewe unakiona upuuzi, usianze na hotuba kama mimi. Anza na swali. Na pilipili iacheni kwenye kachumbari.

Haya, uwanja ni wenu. Leteni filamu ambayo dunia nzima inaipenda na wewe inakukera, na nani alikulazimisha uiangalie. Wanaotaka kunitukana kwa ajili ya Chai ya Stesheni nao wana nafasi yao. Ila kabla hujaandika tusi, taja kwanza wewe ni mtoto wa nani na bibi yako alitoka wapi.

Usije ukawa unamtukana shemeji.